Nguzo Zisizobeba Kitu

Teremka Kombani, njia panda ya kwenda Kwale, hukosi kuona nyumba mpya yenye nguzo za Kigiriki za simenti barazani. Wenzangu huzicheka, eti ushamba. Mimi naona Ugiriki haina kosa. Kosa ni kipimo. Vitruvius aliandika kwamba nguzo ya Doriki ilifuata mwili wa mwanamume: urefu mara sita ya unyayo. Nyumba zetu za mawe za pwani nazo zilikuwa na kanuni: urefu wa boriti ya mkoko ndio ulioamua upana wa chumba. Hizi za leo zinafuata moldi ya fundi tu. Mjomba wangu alisimamisha mbili kabla hata ya kupiga plasta ndani. Fupi, nene, hazibebi hata bati. Deni lake, hilo analibeba yeye.