Jino la Juu: Taharuki na Kinaya katika Kisa cha Mbega

Kisa cha Mbega, mwanzilishi wa ukoo wa Wakilindi, kina mwisho unaojulikana kabla hakijaanza. Jina la kitabu chenyewe, Habari za Wakilindi, linatangaza kwamba ukoo ulipatikana na ukatawala Usambara. Swali la kama shujaa atapona halina nguvu tena. Hata hivyo msomaji hukaa roho juu tangu milima ya Nguu, alikozaliwa Mbega, hadi Vuga, alikotawala. Chanzo cha taharuki hiyo ni tofauti kati ya anachokijua msomaji na wanachokijua watu waliomo ndani ya hadithi.

Mwandishi, Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, aliishi na kufanya kazi miongoni mwa Wakilindi. Kitabu chake kilichapwa kwa mafungu na wamisionari wa UMCA huko Magila, karibu na Muheza, kati ya 1895 na 1907, kikatolewa tena na East African Literature Bureau mwaka 1962. Mandhari yake ni ya mahali halisi: aliyesimama Makuyuni, Korogwe, ana Usambara upande mmoja na nyika ya Handeni upande wa pili, yaani nchi ambayo Mbega aliipita akiwinda na mbwa wake.

Mwanzo wa kisa ni jino. Mbega aliota meno ya juu kwanza, na mtoto wa namna hiyo, kigego, alihesabiwa kuwa mkosi kwa jamaa zake. Wazazi walimlea. Walipokufa, ndugu walimnyima urithi, na watoto wa ukoo walipofariki, lawama ikamwangukia yeye. Msomaji anajua kwamba tuhuma ni ya uongo, na hapo ndipo mtego unapotegwa. Mbega anakimbilia Kilindi, anapendana na mtoto wa mtawala, wanakwenda kuwinda, na kijana yule anauawa na nguruwe. Mtu aliyesingiziwa kuua watoto wa watu sasa amefiwa na mtoto wa watu mikononi mwake. Hana hatia mara ya pili, lakini nani atamsadiki? Anakimbia tena. Tukio hili limewekwa kwa ustadi mkubwa, kwa kuwa linaupa uongo wa Nguu sura ya ukweli bila mhusika kubadilika hata kidogo.

Kuanzia hapo kila ukarimu unaogopesha. Wenyeji wa milima ya Usambara, ambao hawakuyaona ya Nguu wala ya Kilindi, wanampokea mwindaji mwenye nyama na kumpa chakula cha shamba. Wao wanaona nyama. Msomaji anaona pia jino. Katika riwaya ya upelelezi, kama Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960), mpelelezi Bwana Msa ndiye aliyetangulia kujua na msomaji anamfuata nyuma. Ajjemy amepindua mpango huo: msomaji yuko mbele, akingoja siku ambayo nchi itamgeuka mgeni wake.

Siku hiyo haifiki, na hicho ndicho kinaya kikubwa. Nguruwe aliyemwondoa Kilindi ndiye anayempatia heshima Usambara, maana Mbega anawaua nguruwe wanaoharibu mashamba. Ndugu waliomnyima fungu la urithi wanamsukuma kwenye nchi nzima. Kisha, Mbega na wenyeji wakiwa njiani kwenda Vuga, simba anawajia usiku. Mbega anamuua, na watu wanamwita Simba Mwene. Wengi hukitaja kipande hiki kana kwamba ndicho kisa chote. Kwa kweli kinathibitisha tu yaliyokwisha kujengwa na nyama na nguruwe.

Dhamira imo katika maneno mawili ya Kisambaa: kubana shi, kuiharibu nchi, na kuzifya shi, kuiponya. Mwanahistoria Steven Feierman, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1974, alionyesha jinsi simulizi hii inavyomtoa Mbega porini na kumwingiza katika jamii ya wakulima. Uwezo wa kudhuru na wa kuponya ni mmoja. Kinachobadilika ni mahali pa mwenye nao. Kwa sababu hiyo tabia ya Mbega inajengwa kwa vitendo zaidi ya maneno: anawinda, anagawa, anahama. Ndugu zake, kinyume chake, ni wahusika bapa, wanaotambulika kwa tamaa tu.

Mbega alipofariki, wazee wachache wa Vuga walikificha kifo chake hadi mwanawe Buge alipoletwa kutoka Bumbuli. Mwandishi anarudia mbinu yake ya awali: msomaji anajua, nchi haijui. Lakini safari hii siri inamlinda Mbega na uzao wake. Hiyo ndiyo sehemu iliyosukwa vizuri kuliko zote katika kisa hiki, na inastahili kusomeshwa darasani kabla ya ile ya simba.