Maji na Saumu

Tuta moja la vitunguu nyuma ya jiko letu, upana mita 1 na urefu mita 4, linakunywa dumu la lita 20 kwa siku. Mwezi wa Agosti, upepo unapovuma mchana kutwa na vumbi la njia ya mnadani kutua hadi kwenye majani ya mpapai, linadai zaidi ya hapo. Tuta hilo lina miche 200. Tangu miche ihamishwe kitaluni mpaka majani yalale ni siku 90 hivi, basi ni madumu 90, lita 1,800. Kila kitunguu kinachoingia kwenye kikaango changu kimeshakunywa lita 9 zilizotoka kisimani kwa mkono wa mtu.

Hesabu hii huwa naitaja kwa fahari, maana Bariadi si nchi ya maji. Mvua za vuli huanza Oktoba au Novemba, za masika hukoma Mei, na kuanzia Juni hadi Septemba mbingu hufunga. Mto Simiyu, ambao mkoa wetu ulipewa jina lake ulipoanzishwa mwaka 2012, hubaki mchanga mrefu wenye madimbwi hapa na pale, na Duma vilevile. Maji huwa yameteremka chini ya mchanga. Anayeyataka huchimba kwa mikono hadi yachuruzike, ya baridi na yenye tope, kisha huketi pembeni kungoja yatulie. Katika nchi ya namna hiyo, majani mabichi nyuma ya jiko mwezi wa Agosti ni kazi ya ustadi, na ustadi huo sijausikia ukisifiwa vya kutosha.

Simiyu husifiwa kwa pamba, na pamba inastahili. Ina msimu unaotangazwa redioni, ina bei inayobishaniwa vijiweni, ina mzani wa chama cha ushirika, AMCOS, na foleni ya magunia. Imeezeka nyumba kwa bati na kulipa ada za watoto wengi, mimi nikiwa mmoja wao. Lakini pamba hailiwi. Januari, pamba ikiwa bado inadai palizi na fedha ya mwaka uliopita imekwisha, mboga ya nyumbani kwetu ilitoka kwenye kipande cha ardhi ambacho bibi yangu alikizungushia uzio wa minyaa. Tulionywa tusiiguse ile minyaa, utomvu wake unapofua macho. Mbuzi hawakuhitaji kuonywa.

Bibi alianza kwa kunifundisha udongo. Wasukuma wana majina ya udongo kama wavuvi walivyo na majina ya pepo. Luseni ni mchanga wa juu, karibu na mawe ya kilimani, mwepesi, unaopitisha maji kama chekeche. Mbuga ni udongo mweusi wa bondeni: mvua ikinyesha unang'ang'ania jembe, na kiangazi unapasuka nyufa zinazoweza kumeza mguu wa mbuzi. Katikati kuna ibambasi, mgumu, usiotaka kunywa maji, na sehemu za namna hiyo ndiko watu huchonga majaruba ya mpunga. Nyumba yetu iko ukingoni mwa mbuga. Mizizi ya kitunguu ni mifupi, haishuki sana, na ufa ukipita katikati yake huikata kama kisu. Luseni nayo ikiwa peke yake hukausha adhuhuri yale uliyomwagilia asubuhi. Kwa hiyo bibi alichanganya. Alibeba mchanga wa mtoni kwa karai, akauchanganya na mbuga, akatia samadi ya zizini iliyokaa mwaka mzima hadi ikapoteza harufu na joto. Masika aliinua tuta ili miche isizame. Kiangazi alilishusha chini, likawa jaruba dogo lenye kingo, maji yasipate pa kukimbilia. Samadi hakuimimina ovyo. Kitunguu kilicholishwa kupita kiasi huota majani ya kupendeza na shingo nene, kichwa kikabaki kidogo kama gololi. "Hiki kimekula kikasahau kazi," alikuwa akisema, na kuking'oa kikawe cha mchuzi siku hiyo hiyo.

Mbegu ya kitunguu ni nyeusi, yenye pembe, ndogo, na haivumilii kukaa. Iliyohifadhiwa miaka miwili mitatu huota kwa kusuasua au isiote kabisa. Aina nayo ina maana yake. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, na aina za Ulaya zinazosubiri mchana mrefu ndipo zifunge kichwa zitasubiri hapa mpaka zife. Ndiyo maana watu wetu hupanda Red Bombay au Red Creole, kama wanavyofanya Mang'ola kule Karatu. Mbegu husiwa kitaluni chini ya kivuli cha nyasi, na baada ya wiki 6 hadi 8 mche huwa na unene wa penseli. Hapo ndipo huhamishwa, jioni, jua likiwa limelegea.

Kazi hiyo ya kuhamisha ndiyo iliyonifanya niipende bustani. Bibi alipiga magoti ukingoni mwa tuta, miche ikiwa kwenye ungo wenye kitambaa kibichi. Alichomeka kidole cha shahada ardhini hadi pingili ya kwanza, hakupita hapo, akadondosha mche, akabana udongo kwa vidole viwili kama mtu anayefunga mdomo wa kifuko cha chumvi. Alipima kwa ngumi: ngumi moja kati ya mche na mche, mbili kati ya mstari na mstari. Hakuwa na kamba, na mistari yake ilinyooka. Mimi nilikuwa nikichomeka kidole chote, nikidhani mche uliozama ndio ulio salama. Alikuja nyuma yangu akiinua mmoja mmoja bila kusema neno, kwa sababu kitunguu kilichozikwa sana hubanwa kikashindwa kutuna. Kinataka kikae nusu juu ya ardhi, mabega wazi.

Baada ya hapo huja magugu, na hapa kitunguu hakina wa kukisaidia. Mahindi hutupa kivuli, maboga hutandaza majani yakafunika ardhi, lakini jani la kitunguu ni mrija uliosimama wima. Mwanga wote unapita, na kila mbegu ya gugu iliyomo kwenye samadi inaamka. Jembe halifai, litakata mizizi. Ni vidole tu, umechuchumaa, asubuhi udongo ukiwa na unyevu, mstari kwa mstari, na wiki inayofuata unarudi ulipoanzia.

Lugha yetu imewagawa ndugu hawa wawili kwa namna ninayoipenda. Mmoja tumemwita kitunguu maji, na kwa kweli karibu sehemu tisa kati ya kumi za uzito wake ni maji. Mwingine tumemwita kitunguu saumu. Jina hilo lilitoka kwa Waarabu, wanaokiita thum, na pwani hadi leo wako wanaosema thomu. Halina undugu na saumu ya Ramadhani, ambayo kwa Kiarabu ni neno jingine kabisa. Ni ulimi wa Kiswahili ulioyakutanisha maneno hayo. Hata hivyo, miaka yote niliyokaa na jembe la mkono imenionyesha kwamba kazi nzima ya bustani iko ndani ya majina hayo mawili, maji na saumu, na kwamba watu wengi hujifunza la kwanza wakaishia hapo.

Mimi niliishia hapo kwa muda. Vitunguu vyangu vya kwanza, nilivyovipanda mwenyewe baada ya bibi kutangulia mbele ya haki, nilivimwagilia kwa upendo hadi siku ya kuvuna. Majani yalipoanza kulala niliingiwa na hofu, nikadhani ni kiu, nikaongeza dumu la pili. Vilitoka vikubwa, vizito, vinang'aa. Nilivipanga kwenye gunia na kuliweka kona ya stoo. Wiki ya tatu nikasikia harufu. Nilipoingiza mkono, kidole kilizama shingoni mwa kitunguu cha juu kama kinavyozama kwenye ndizi iliyoiva. Shingo hazikuwa zimefunga. Gunia zima nililimwaga shimoni, na lita 9 za kila kimoja zikaenda nalo.

Jani la kitunguu halilali kwa kiu. Linalala kwa sababu kichwa kimemaliza kupokea. Chakula chote kilichokuwa juu kimeteremka, na shingo iliyokuwa njia sasa inalegea na kujifunga. Karibu nusu ya tuta ikishalala, maji yanakoma. Wiki moja, hata mbili, unapita hapo na dumu lako bila kulitua. Kuyakanyaga majani ili yalale haraka, kama nilivyowaona wengine wakifanya, ni kukivunjia mlango kitu ambacho kilikuwa kinaufunga chenyewe. Kisha unang'oa, unaanika kivulini penye upepo mpaka shingo ikauke na ganda la nje litoe sauti ya karatasi ukiligusa. Kilichofunga saumu namna hiyo hukaa miezi kadhaa. Kinaikuta Januari.

Kitunguu saumu kilinifundisha kwa ukali zaidi. Hakizai mbegu ya kupandwa. Unapanda punje yake, kitako chini, ncha juu, na kinachoota ni kile kile ulichokila jana. Kwa hiyo kila mavuno unafanya uamuzi: punje kubwa zinarudi ardhini, ndogo zinaenda sufuriani. Mwenye njaa hufanya kinyume chake, na baada ya misimu mitatu anavuna vidogo tu. Hapa Bariadi kuna shida nyingine, joto. Saumu hupenda baridi, ndiyo maana inastawi kwenye nyanda za Mbulu. Mwaka wa kwanza nilivuna viduara vizima visivyogawanyika, kama vitunguu vidogo vyeupe. Msimu uliofuata niliziweka punje za mbegu kwenye jokofu wiki 6 kabla ya kuzipanda Mei, zipate baridi ambayo anga letu halina. Nyingi zikagawanyika. Hazikufikia zile za Mbulu kwa ukubwa, na sitarajii zifikie. Majani yake machanga, yakikatwakatwa juu ya dagaa wa Lamadi, yanalipa nusu ya kazi.

Mboga za majani zina saa nyingine kabisa. Mchicha uko tayari baada ya wiki tatu au nne, na matembele hata mbegu hayahitaji, unachomeka kikonyo tu. Mgagani hujiotea wenyewe kwenye samadi. Bibi hakuwahi kuung'oa kama gugu, aliuacha ukue, akaupika kwa maziwa ili uchungu upungue. Majani ya kunde yakizidi, yalichemshwa kidogo na kuanikwa juu ya mkeka mpaka yakawa nsansa, meusi na makavu, ya kupikwa na karanga miezi ambayo hakuna jani linaloota. Nafikiri nsansa ni moja ya kazi bora za akili ya Wasukuma, sawa na michembe ya viazi, na inanisikitisha kuona vijana wanaiita chakula cha shida. Ni jua la kiangazi limewekwa kazini badala ya kulaumiwa.

Nikiwa mtoto nilisikia kanisani kisa cha Waisraeli katika sura ya 11 ya kitabu cha Hesabu: wako jangwani, mana inashuka, nao wanalia kwa kukumbuka samaki wa Misri, matango, vitunguu na vitunguu saumu. Mhubiri aliwalaumu. Mimi nilikuwa nimetoka kula ugali na chumvi Jumamosi usiku, mwezi wa Septemba, kisima kikiwa kimekauka, na sikuweza kuwalaumu hata kidogo.

Juzi jioni mtoto wa jirani, wa miaka 9, alipita uani kwetu na kidumu chake cha lita 5 kichwani. Amezoea kunisaidia, tunamwagilia kwa kopo nililolitoboa kwa msumari, yeye mstari wake, mimi wangu. Alisimama mbele ya tuta la vitunguu. Majani mengi yalikuwa yamelala upande mmoja, ncha zimekuwa njano, udongo umekauka mpaka umepasuka ufa mwembamba pembeni. Ilikuwa siku ya nne tangu nisitishe maji.

"Mayu, vinakufa," akasema, na tayari alikuwa anashusha kidumu.

Nilimshika mkono. Nikamchuchumaza kando ya tuta, nikachukua kidole chake na kukiweka pale jani linapokutana na kichwa, nikamwambia abonyeze. Kwanza kwenye mche ambao bado ulikuwa umesimama, kisha kwenye ule uliolala.

Alibonyeza mara mbili, akarudia.

"Huu mgumu," akasema. "Huu umelegea. Ndani hamna kitu."

"Kimekwenda wapi?"

Alitazama kichwa chekundu kilichotoka nusu juu ya ardhi, akakipangusa vumbi kwa kidole gumba. Halafu alinyanyuka, akajitwika kidumu chake, akakipeleka kwenye mchicha.