Kuandika Programu na Kuielewa

Waandishi wa programu za kompyuta wamepata msaidizi mpya, na sifa zake zimeenea kuliko maelezo yake. Tunaambiwa kwamba kazi ya siku nzima sasa inakwisha kwa saa moja. Mimi si mwandishi wa programu. Nimeishi miaka mingi katika chuo cha ualimu, kwanza nikiwa mkufunzi na baadaye mkuu wa chuo, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kumtazama mtu anayejifunza kazi na kuamua kama ameijua kweli. Kwa jicho hilo ndilo ninapenda kuzihakiki sifa hizi. Nia yangu si kukibeza chombo, bali kuzipima hoja zinazotolewa kukisifia.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Mwezi Juni 2021 kampuni ya GitHub, iliyo mali ya Microsoft, ilitoa kwa majaribio msaidizi aitwaye Copilot, yaani rubani msaidizi, aliyejengwa kwa akili mnemba ya kampuni ya OpenAI. Mwaka mmoja baadaye alianza kuuzwa kwa mwandishi yeyote aliyemtaka. Mwandishi anaanza mstari, msaidizi anaumalizia. Mwandishi anaeleza kwa maneno ya kawaida anachotaka, msaidizi anamletea ukurasa mzima. Wasaidizi waliofuata wameongezewa uwezo wa kufungua mafaili, kuyarekebisha, kuijaribu programu na kurudia palipokosewa. Msingi wao ni mmoja: wamelishwa maandishi mengi mno, yakiwemo ya programu zilizoandikwa na watu, na kutokana na hayo wanakadiria ni maandishi gani yanafaa kufuata. Nao wameenea upesi. Katika uchunguzi wa maoni uliofanywa na Stack Overflow mwaka 2025, asilimia 84 ya waliojibu walisema wanatumia vyombo vya namna hii au wanakusudia kuvitumia.

Sifa ya kasi ina ushahidi wake, na ushahidi huo unastahili kusomwa kwa makini. Jaribio linalotajwa sana liliwahusisha waandishi 95. Wote walipewa kazi moja, yaani kuandika kwa lugha ya JavaScript seva ndogo ya kupokea na kujibu maombi ya mtandao. Waliokuwa na Copilot walimaliza kwa wastani wa dakika 71; wasiokuwa naye walitumia dakika 161. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake: wengi wa walioandika ripoti hiyo walikuwa waajiriwa wa Microsoft na GitHub. Lakini hilo peke yake halitoshi kuitupa ripoti, maana mtu aweza kusema kweli juu ya mali yake. Kasoro kubwa imo katika kazi yenyewe. Ilikuwa kazi ndogo, iliyoanza kwenye ukurasa mweupe, ambayo mifano yake imeandikwa mara nyingi duniani, na iliyokwisha siku hiyo hiyo. Hakuna aliyeirithi kutoka kwa mwenzake, wala aliyetarajiwa kuitunza. Ni sawa na kumpima mwalimu kwa somo moja la maonyesho, wageni wamekaa nyuma ya darasa, kisha tukadai kwamba tumejua mwaka wake mzima utakavyokuwa.

Jaribio la pili lilitangazwa Julai 2025 na taasisi ya utafiti ya METR ya Marekani. Hapa watu walikuwa 16 tu, lakini walikuwa wazoefu, na walifanya kazi 246 za kweli katika programu kubwa ambazo wamezishughulikia kwa miaka. Kila kazi ilipangwa kwa bahati nasibu, ama ifanywe kwa msaidizi ama bila yeye. Kabla ya kuanza, walikadiria kwamba msaidizi angewapunguzia muda kwa asilimia 24. Walipomaliza, walisema amewapunguzia kwa asilimia 20. Saa ilisema vingine: kazi zilizoruhusiwa msaidizi zilichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19.

Wapo walioshangilia jaribio hili kana kwamba limefunga mjadala. Halikuufunga. Watu 16 ni wachache, wasaidizi waliotumika walikuwa wale wa mwanzo wa mwaka 2025, na watafiti wenyewe walionya kwamba matokeo yao yasitandazwe juu ya kila mwandishi na kila kazi. Kilichonigusa mimi si ile asilimia 19. Ni umbali uliopo kati ya walivyohisi na ilivyokuwa. Watu wazima, mahodari, waliokuwa nyumbani kwao katika kazi hiyo, hawakuweza kujua kama wanasaidiwa au wanacheleweshwa. Ndiyo maana katika ualimu hatumwulizi mwanachuo kama somo lake limefaulu. Tunawapima watoto aliowafundisha.

Hata hivyo, majaribio yote mawili yana upungufu wa pamoja: kipimo chao ni dakika. Peter Naur, mwanasayansi wa kompyuta wa Denmark, aliandika mwaka 1985 kwamba kuandika programu ni kujenga nadharia katika vichwa vya wanaoiandika. Kwa nadharia alikusudia ujuzi wa kwa nini kila sehemu imekaa ilivyokaa, inahusianaje na mambo ya dunia inayoyahudumia, na mabadiliko yakitakiwa yaingizwe wapi. Maandishi peke yake hayawezi kuubeba ujuzi huo wote. Kundi lenye ujuzi huo likitawanyika, kwa maoni yake programu imekufa, hata kama kompyuta inaendelea kuiendesha.

Aliyewahi kukagua mazoezi ya kufundisha ataielewa hoja hii mara moja. Wanachuo wawili wanaweza kuniletea maandalio ya somo yanayofanana neno kwa neno. Mmoja ameliandika baada ya kuhangaika na somo usiku. Mwingine amelinakili kwa mwandiko mzuri. Katika karatasi hakuna tofauti. Tofauti inajitokeza darasani, pale mtoto wa dawati la nyuma anapouliza kwa nini tunapogawanya sehemu kwa sehemu tunaigeuza ile ya pili chini juu. Aliyehangaika atapata njia ya kumjibu. Aliyenakili hana pa kushika. Atarudia kanuni kwa sauti kubwa zaidi. Andalio ni kivuli cha ujuzi, na kivuli kinaweza kuazimwa. Msaidizi wa programu anatoa maandalio kwa wingi usiopata kuonekana, na sehemu kubwa ni mazuri. Swali langu ni nani amebaki na ujuzi.

Watetezi wana jibu, nalo ni jibu la heshima. Wanasema kila kizazi cha kazi hii kimelalamika hivyo hivyo. Mwaka 1952 Grace Hopper alipotengeneza programu ya kuipangia kompyuta maagizo yake yenyewe, na mwaka 1957 IBM ilipotoa FORTRAN, walikuwepo mafundi walioona kwamba mtu asiyeandika maagizo ya mashine kwa mkono wake hajui kazi. Leo hakuna anayewasikiliza. Je, msaidizi huyu si ngazi nyingine tu ya kupandia?

Mfano huo una kilema. FORTRAN inafuata kanuni zilizoandikwa, na anayeitumia anaweza kujenga juu yake bila kuchungulia chini kila siku. Msaidizi wa leo hafuati kanuni ya namna hiyo, anakadiria. Ukimwomba jambo lile lile mara mbili anaweza kukupa majibu mawili tofauti, yote kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Kwa hiyo kazi yake lazima isomwe na mtu anayejua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walipompima Copilot mwaka 2021 katika mazingira yenye hatari za kiusalama, walikuta takribani asilimia 40 ya programu zaidi ya 1,600 alizoandika zina mianya. Wasaidizi wamekuwa bora tangu hapo. Lakini katika ule uchunguzi wa Stack Overflow wa mwaka 2025, kero iliyotajwa na watu wengi zaidi, asilimia 66, ilikuwa majibu yaliyo karibu sahihi, lakini si sahihi. Mwalimu yeyote aliyesahihisha mitihani anajua uzito wa maneno hayo. Jibu la hovyo unalipiga mkasi kwa nusu dakika. Jibu lililo karibu sahihi linakufanya usome mstari kwa mstari, na ukichoka linapita.

Na hapa ndipo penye hofu yangu. Uwezo wa kuliona kosa lililojificha haukushuka kutoka mbinguni. Wazoefu wa leo waliupata kwa kazi ndogo ndogo zilizowachosha ujanani: kurekebisha kosa dogo, kuandika majaribio, kuisoma programu ya mtu aliyekwisha kuhama. Kazi hizo hizo ndizo za kwanza kukabidhiwa msaidizi, kwa kuwa anaziweza. Mjukuu wangu mmoja ameingia katika kazi hii. Aliniambia, "Babu, siku hizi naandika kidogo, nasoma sana." Nikamwuliza kama anasoma mpaka aelewe, au mpaka aone imekubali. Alicheka, akasema inategemea kazi imechelewa kiasi gani. Jibu lake ni la kweli, nami simlaumu; anafuata kipimo alichowekewa. Ukimpima kijana kwa dakika, atakupa dakika.

Sitamrushia methali ya haraka haraka haina baraka. Haraka si kosa, na msaidizi anayemwondolea mtu kazi ya kunakili ni baraka. Ninachodai ni kipimo kingine. Anayeleta programu aitetee kwa mdomo mbele ya mwenzake: kwa nini umefanya hivi, ungefanyaje vingine, kiungo hiki kikivunjika nini kitaanguka? Asiyeweza kujibu arudi akasome, hata kama mashine imekubali. Na kijana anayeanza apewe sehemu ya kazi ya kufanya kwa mkono wake, kama tulivyomtaka mwanachuo aandike maandalio yake mwenyewe ilhali vitabu vyenye mifano vilijaa maktaba.

Wanaotaka kunishawishi kuhusu kasi wamwite yule aliyemaliza kwa dakika 71. Wamwite baada ya miezi sita, wamwekee mbele programu yake mwenyewe, wamwambie masharti yamebadilika na aibadilishe. Akijua pa kuanzia, nitaziamini sifa zote. Kama hajui, basi zile dakika 90 alizookoa zimehesabiwa kabla ya hesabu kufungwa.