Sifa ya Dampa Linalopinda

Barabara ikizinduliwa, utepe hukatwa na mgeni rasmi, jiwe la msingi huchongwa jina la mgeni rasmi, na mhandisi akibahatika hutajwa kwenye risala. Sijawahi kusikia risala iliyotaja dampa. Hata hivyo, kabla lami haijamwagwa lazima kuwe na gari lililopita pale pasipo na barabara, likiwa na mzigo, likarudi tupu, likapita tena, na hivyo tangu alfajiri hadi giza. Nataka kulisifu gari hilo: dampa kubwa linalopinda katikati, ambalo waendeshaji wa mitambo hulitaja kwa herufi tatu tu, ADT. Na kwa kuwa chuma hakisikii sifa, nawasifu pia wanaoliendesha na wanaolipaka grisi.

Thamani yake haionekani kiangazi. Subiri masika. Udongo mweusi wa mbuga, ambao kiangazi ulikuwa mgumu na wenye nyufa za kuingia mkono, ukinyonya maji unavimba. Juu unateleza, chini unanata. Aliyepita Shinyanga, Simiyu au mbuga ya Wembere baada ya mvua anaujua, na jirani zetu wa Mwea kule Kenya wanao wa kwao. Lori la kawaida la tipa likiingia humo linashindwa kwa sababu ya umbo lake. Fremu yake ni moja, ndefu na ngumu. Gurudumu moja likipanda kichuguu, fremu nzima inainama upande na gurudumu jingine linaning'inia. Hapo difu, kwa maumbile yake, inalizungusha lile lisilogusa kitu na kuliacha lililo ardhini limesimama. Dereva anakanyaga mafuta, tairi zinachimba, ekseli inakaa kwenye tope. Anaitwa mwenye katapila aje kuvuta. Siku imekwisha.

Wataalamu wa mitambo wana kanuni ya kukadiria adhabu ya tope. Kwenye njia ngumu, gari hutumia nguvu ya takriban asilimia 2 ya uzito wake kusukuma tairi zake tu. Kila sentimita ambayo tairi inazama huongeza karibu asilimia 0.6. Chukua dampa la tani 70, mzigo ukiwemo, lizame sentimita 10: sasa linapambana na asilimia 8, sawa na kupanda mlima wa asilimia 8, ilhali macho yanaona uwanda. Tena mlima huu hauna kilele wala mteremko wa upande wa pili. Ndiyo maana kwenye tope injini kubwa peke yake haisaidii. Nguvu ipo, ila hakuna pa kuikanyagishia.

Waliolitatua hilo walikuwa watu wa matrekta. Braås ni kijiji katika misitu ya Småland, kusini mwa Sweden, na hapo palikuwa na karakana iliyoitwa Lihnells Vagn, mafundi wa matrela. Kwa upande mwingine walikuwepo Bolinder-Munktell wa Eskilstuna, waundaji wa matrekta, ambao Volvo iliwanunua mwaka 1950. Nchi yenye misitu, maji mengi na theluji inayoyeyuka haikosi matope, na kwa miaka kadhaa wakandarasi wa huko walikuwa wakibebea udongo kwa trekta linalovuta trela. Mpango huo ulikuwa na kasoro yake: mzigo uko nyuma, ekseli ya mbele ya trekta ni nyepesi, na kwenye utelezi usukani haushiki.

Mafundi wale wakaikata ekseli ya mbele. Hawakuitia uzito wala kuiongezea tairi. Waliitoa kabisa, wakaliunga trekta na trela moja kwa moja kwa kiungo kinachopinda, wakaachia kiungo hicho kazi yote ya usukani. Mwaka 1966 likatoka dampa la DR 631, lenye uwezo wa kubeba tani 10, ambalo Waswidi walilipa jina la utani Grus-Kalle, yaani Kalle wa Changarawe. Napenda jina hilo kwa sababu halina makuu. Hakuna aliyeliita simba wala dhoruba. Miaka 50 baadaye, mwaka 2016, Volvo walileta A60H lenye kubeba tani 55, na Braås bado ni kijiji cha madampa.

Fundi anayeanza kazi asimame kwanza mbele ya kiungo chenyewe akitazame kwa utulivu. Kinafanya kazi mbili ambazo mtu akiangalia kwa mbali huziona kama moja. Ya kwanza ni kukata kona. Magurudumu ya mbele hayageuki kwenye ekseli yake kama ya gari dogo. Majeki mawili ya haidroliki, moja kila upande, yanasaidiana: hili likisukuma, lile linavuta, na kichwa kizima kinapinda hadi nyuzi 45 dhidi ya bodi. Dampa la tani 40 linageuka ndani ya nusu kipenyo cha mita 9 hivi, mahali ambapo lori refu lingehitaji kwenda mbele na nyuma mara tatu huku likikatakata ardhi.

Kazi ya pili ndiyo inayonishangaza zaidi. Kiungo kinaruhusu kichwa kulala kushoto wakati bodi imelala kulia, bila upande mmoja kuuvuta mwingine. Nyuma, magurudumu mawili ya kila upande yamefungwa kwenye boriti moja inayopanda na kushuka kama pembea ya watoto: la mbele likiingia shimoni, la nyuma linainuka, na uzito unabaki umegawanyika. Matokeo yake ni kwamba magurudumu yote sita yanabaki yamegusa ardhi, kila moja linasukuma, na fremu haipindiki kwa nguvu isiyoiweza. Wengine walishughulika na kuisawazisha ardhi ili ilifae gari. Mafundi wa Braås waliipokea ardhi ilivyo.

Wazo zuri halikai nyumbani. Uingereza, kampuni ya DJB ya Peterlee ilijenga madampa ya aina hii kwa vipuri vya Caterpillar hadi Caterpillar wenyewe wakauchukua mradi huo mwaka 1985. Afrika nayo haikukaa pembeni. Irvine Bell alianza shughuli zake Zululand mwaka 1954, akihudumia mashamba ya miwa, na kampuni iliyozaliwa hapo, Bell Equipment ya Richards Bay, Afrika Kusini, leo inayauza madampa yake hadi Ulaya na Amerika. Sisi tuliozoea kuletewa mitambo kwa meli tuikumbuke safari hiyo ya upande wa pili.

Lakini dampa bila mwendeshaji ni chuma kilichoegeshwa. Kwa nje kazi hii inaonekana nyepesi: kiti chenye springi, kiyoyozi, gia zinazobadilika zenyewe. Wapo wakandarasi wanaoamini kuwa aliyewahi kuendesha fuso anaweza kupanda dampa Jumatatu na kuanza kubeba Jumanne. Wanaoamini hivyo hulipa.

Mtazame mzoefu asubuhi baada ya mvua ya usiku. Hawashi injini kwanza. Analizunguka dampa, anaangalia tairi, anapapasa hosi kama zinavuja, anainama chini ya kiungo. Kisha anaitembea njia kwa miguu, angalau zile sehemu anazozitilia shaka, akikanyaga kwa kisigino. Maji yaliyotuama juu ya changarawe hayamtishi. Anachoogopa ni ukoko mkavu uliolala juu ya udongo laini, kwa sababu ukoko unadanganya. Akishapanda, anafunga difu kabla ya kuingia tope, gari likiwa bado linatembea vizuri. Mgeni husubiri mpaka magurudumu yaanze kuteleza ndipo ahangaike na swichi, na kwa wakati huo shimo ameshalichimba mwenyewe.

Ndani ya tope mguu wake unakaa mahali pamoja. Hakanyagi kwa hasira, haachii ghafla. Gari likianza kugoma, hutumia mbinu ambayo magari mengine hayana: anachezesha usukani taratibu kushoto na kulia, kichwa kinajikunja huku na huku, tairi za mbele zinatafuta udongo ambao haujakanyagwa, na dampa linajongea nusu hatua kwa nusu hatua mpaka litoke. Safari inayofuata hapiti kwenye nyayo zake mwenyewe. Anasogea kando kidogo, kwani madampa kumi yakifuata mstari mmoja yanachonga mifereji miwili, mifereji inajaa maji, na njia inakufa.

Kuna ushirikiano wake na mwenye eskaveta ambao haufundishwi kwa maneno. Eskaveta ikikaa juu ya benchi na dampa likarudi nyuma chini yake, ndoo inazunguka pembe ndogo tu kabla ya kumwaga. Ndoo ya kwanza iwe ya udongo laini, itandikwe sakafuni mwa bodi, ndipo mawe makubwa yaje juu yake. Mwenye eskaveta asiye na adabu huanza na jiwe, na kishindo chake kinafika kwenye uti wa mgongo wa aliye ndani ya kichwa. Mzigo ukae katikati. Tani zilizoegemea upande mmoja hazisahauliki njiani. Zinangoja wakati wa kumwaga.

Na kumwaga ndiko kunakoua. Bodi inainuliwa hadi karibu nyuzi 70, mzigo uko juu hewani, na ule uhuru wa kiungo uliokuwa baraka kwenye mashimo sasa unageuka. Ardhi ikiwa imeinama kidogo, au udongo wa mfinyanzi ukinata upande mmoja wa bodi huku upande mwingine umeshateremka, bodi inaweza kulala ubavu wakati kichwa bado kimesimama wima, na mwendeshaji ameketi akitazama mbele kana kwamba hakuna kitu. Kwa hiyo sheria za mahali pa kumwagia hazina mjadala: kichwa na bodi mstari mmoja, ardhi sawa, mkanda umefungwa, jicho kwenye kioo. Ukingoni pawepo tuta la udongo lenye kimo kisichopungua nusu ya tairi. Kwa ajili ya mzigo unaonata, baadhi ya watengenezaji hupitisha moshi wa moto wa injini kwenye kuta za bodi ili udongo uachie. Kwa mbuga zetu, huo si urembo.

Jioni ni zamu ya fundi. Kiungo kinabeba uzito, kinapinda, kinazunguka, na kinafanya yote hayo ndani ya mchanga na maji machafu. Pini na bushi zake zinaishi kwa grisi. Fundi anayejua kazi hasukumi grisi mara mbili tatu kwa haraka kisha akaandika kwenye daftari kuwa amemaliza. Anasukuma mpaka ile ya zamani, nyeusi, yenye chembe za mchanga, itoke nje na ifuatwe na safi. Mara kwa mara humwomba mwendeshaji achezeshe usukani huku yeye amechutama pembeni, akitafuta mchezo kati ya pini na bushi. Mchezo mdogo leo ni tundu lililopanuka mwezi ujao, na tundu lililopanuka ni gari limekaa juu ya magogo likisubiri kuchongwa upya. Msemo wa ufa na ukuta tunauchosha kila siku, lakini hapa una haki yake.

Sisemi kwamba dampa hili linafaa kila mahali. Kwenye mgodi mkubwa wa wazi wenye mwamba mgumu na njia iliyopangwa vizuri, malori ya fremu moja yanalishinda bila ubishi: Caterpillar 797F hubeba tani 363, na BelAZ 75710 ya Belarus hubeba 450. Huko kiungo kinakuwa gharama tu, vipuri vingi vya kuchakaa bila faida. Na ukilipeleka kwenye lami kubeba kokoto kilomita nyingi, utakula matairi na dizeli mpaka ujute. Limezaliwa kwa kipande kile kibaya, kuanzia shimo la kuchimbia udongo hadi kwenye tuta la barabara, mahali ambapo greda bado halijafika. Mwaka 2025, kwenye maonyesho ya mitambo ya Munich, Volvo walionyesha madampa yao ya A30 na A40 yanayotumia betri. Sina ugomvi na betri. Tope halitajua tofauti.

Ninachowaomba wakandarasi na vyuo vyetu vya ufundi ni kimoja. Anayetahini waendeshaji wa dampa asiwatahini Agosti kwenye uwanja wa changarawe, wapite kati ya koni kisha wapewe cheti. Awapeleke kwenye mbuga mwezi wa Aprili, bodi ikiwa imejaa, awaambie watoke upande wa pili na wamwage salama. Watakaoweza hawatakuwa wengi. Hao wapewe cheti, na wapewe mshahara unaofanana na kazi hiyo.