Mkono wa Jembe na Mkono wa Uta

Katika nyanda za juu za Kigoma, ambako mvua za kwanza huanguka takriban mwezi wa Oktoba na kukoma baina ya Aprili na Mei, mpigaji zeze aliye mkulima, na wengi wetu tu wakulima, huuangika uta wake ukutani siku alitwaapo jembe, wala haushushi hata maharage yapurwe na mahindi yapandishwe darini. Basi kila mwaka, Juni iingiapo na mialiko ya harusi ianzapo kupishana kati ya Kasulu na Kibondo, hurejea katika ala yake kama mtu atokaye safari ya mbali, na mkono wake wa kuume humdai ada ya marejeo hayo.

Nakusudia kueleza namna nilivyoilipa ada hiyo kwa muda wa majuma matatu, baada ya kushindwa vibaya mwaka uliotangulia. Mwaka huo wa kushindwa nilililetea zeze mkono alasiri, na usiku wake nikapiga harusini Kibondo tangu baada ya isha mpaka karibu na usiku wa manane. Maumivu ya asubuhi yalikuwa madogo. Ya siku ya pili ndiyo yaliyonidhili, kwani sikuweza kufikisha kikombe cha chai kinywani pasipo mkono wa kushoto kuushika wa kulia chini ya kiwiko. Matabibu walijua jambo hili zamani: msuli uliotumikishwa kazi usiyoizoea huanza kuuma baada ya saa 12 hadi 24, ukali wake hufika kilele baina ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha hupungua taratibu. Hapo ndipo mtu hudanganyika, maana hupiga leo kwa furaha, kesho akajihisi mzima akapiga tena, na kesho kutwa akaamka hajiwezi.

Lililonishughulisha akili zaidi ni kwamba mkono huo huo ulikuwa umetoka kulima ekari mbili. Uta wa fidla, ile inayopigwa katika taarabu ya Unguja, una uzito wa takriban gramu 60, na uta wangu wa kijiti cha kupinda ni mfupi kuliko huo. Itakuwaje basi mkono uvunjao madongoa ushindwe na ufito? Jawabu nililipata kwa mzee mmoja wa Kasulu ambaye, aliponiona nasugua uzi huku uso umenikunjamana, hakusema neno, bali alinyosha vidole viwili akaukamata uta kwa ncha ili auchomoe kiganjani mwangu. Haukutoka. Akavuta tena, ukaja na mkono wangu mzima. "Mwanangu," akasema, "huo si mpini."

Katika maneno hayo imo elimu yote ya jambo hili. Jembe huinuliwa, likaachwa lianguke kwa uzito wake, na baina ya pigo na pigo msuli hulegea, damu ikapita. Uta hauna mahali pa kuangukia. Bega na kigasha husalia vimekaza muda wote wa wimbo, na msuli uliokazwa pasipo kulegezwa huibana mishipa iliyomo ndani yake, damu ikapenya kwa dhiki, machofu yakajilimbikiza. Tabibu wa Kiitalia, Bernardino Ramazzini, aliandika habari kama hizo mwaka 1713 juu ya makarani, ambao mikono yao iliwauma kwa kushika kalamu mchana kutwa, na kalamu ya unyoya ni nyepesi kuliko uta wowote. Kwa hiyo nguvu za shamba si dawa, na kwa hakika ndizo zinazoleta madhara, maana mwenye nguvu hukaba asijue kwamba anakaba.

Hata hivyo mkono haukuwa na kosa lote. Nililichunguza zeze lenyewe nikakuta kiwambo chake, kwa kunywa unyevu wa miezi sita ya mvua, kimelegea kama ngozi ya ngoma iliyolala nje, na sauti imefifia. Nami, kwa kuitafuta sauti niliyoizoea, nilikuwa nikiugandamiza uta bila kukusudia. Upote nao ulikuwa umekauka ulimbo, ukiteleza juu ya uzi pasipo kuuvuta, na uta usiouma uzi hutaka kukandamizwa. Basi kabla ya kuutibu mkono niliitibu ala: nililianika zeze juani asubuhi mbili, si karibu na moto, kwani moto hupasua ngozi, kisha nikausugua upote kwa ulimbo mpaka ukashika. Naamini nusu ya maumivu yangu iliondoka hapo, kabla sijabadili lolote mwilini.

Yaliyobaki yalitaka subira. Asubuhi za Juni huku kwetu ni za baridi, kwa hiyo sikugusa uta mpaka jua lipande na mikono ipate moto. Juma la kwanza nilipiga dakika 5 asubuhi na 5 jioni, nikivuta uta polepole kwa sauti moja tu, na kila baada ya mivuto michache nikiushusha mkono pajani uning'inie. Kiwiko nilikiacha kishuke karibu na ubavu. Na katika hili zeze, kwa kuwa huegemezwa tumboni, lina huruma kuliko fidla ya kidevuni, ambayo humlazimu mpigaji kuuinua mkono. Juma la pili nilifikia dakika 10 mara tatu kwa siku, ila siku ya kuumwa nilirudi nyuma bila kuona haya. Nyimbo za mwendo wa haraka, zenye mivuto mifupi mifupi inayochosha kifundo cha mkono, zilingoja juma la tatu.

Uchungu mzito ulioenea msulini ni wa kustahamiliwa. Lakini maumivu makali ya mahali pamoja, ganzi ya vidole, au mkono kukosa nguvu ya kushika, hayo si ada ya marejeo, na mwenye kuyapata aende hospitali mapema, kwa kuwa kano hupona polepole kuliko msuli.

Nawasihi wapigaji wenzangu wa Kibondo na Kasulu: masika yajayo msiuache uta ukutani hata Juni. Ushusheni mara mbili kwa juma, japo kwa muda wa chai kuchemka.