Vitu Vizito: Juu ya Kitabu cha Biebuyck na Mali Takatifu ya Ukoo

Muzee mumoja wa Mususa alikuja kuniona kisha misa ya asubuhi, na mufuko wa ngozi mukononi. Mufuko ule ulikuwa wa babu yake, mukubwa wa ukoo. Ndani mulikuwa kengele ndogo ya chuma, kikombe cha muti chenye kupasuka, na jino la chui. Akaniuliza: « Padri, nichome ao nichunge? Watoto wangu wanasema niuzishe kwa watu wanaotafuta vitu vya zamani. Wengine wanasema ni vitu vya shetani. Mimi ninaogopa. Nikichoma, ni kama ninachoma mukono wa babu yangu. »

Nilimwambia: « Baba, uniachie siku chache. » Kusema kweli, sikuwa na jibu. Katika seminari kubwa tulijifunza amri ya kwanza, na tulijifunza vilevile kuheshimu desturi njema za wakubwa wetu. Lakini nani alitufundisha namna ya kutambua, mbele ya mufuko mumoja, kitu gani kinapinga amri ya Mungu na kitu gani ni desturi njema? Ni kwa sababu ya ulizo hili nilifungua tena kitabu cha Daniel Biebuyck, Lega Culture, kilichochapwa California mwaka 1973. Ninataka kusema hapa ginsi kinavyotusaidia, na pahali kinapotuacha njiani.

I. Mambo kitabu kinafundisha

Walega wanakaa Shabunda, Mwenga na Pangi, mbali kidogo na sisi Wanande. Lakini shauri ni moja. Sisi pia tunajua kwamba kitu kidogo kinaweza kubeba ukoo muzima. Packard, aliyeandika mwaka 1981 juu ya Wabashu wa milima yetu, anaeleza ukubwa wa mbita, ile taji ya mwami. Basi mutu asiseme: haya ni mambo ya wageni.

Kwa Walega, vitu hivi vilikuwa mikononi mwa watu wa bwami. Bwami ni chama chenye ngazi nyingi. Ngazi za juu za wanaume zinaitwa yananio na kindi, na wanawake walipanda ngazi zao pamoja na waume wao. Mutu wa yananio alikuwa na kinyago kidogo cha muti, lukwakongo. Mutu wa kindi alikuwa na sanamu ndogo ya pembe ya tembo, iginga. Vitu vingine havikuwa vya mutu mumoja. Vilikaa ndani ya kikapu cha watu wote wa ngazi ile, na mulinzi aliwekwa juu yake. Vyote vinaitwa masengo, ni kusema vitu vizito. Uzito huu haupimwi na kilo, maana sanamu nyingi zinaingia katika kiganja cha mukono.

Kitabu kinaonyesha vizuri uzito ule unatoka wapi. Kila kitu kilikuwa na maneno yake. Siku ya kumuingiza mutu katika ngazi mupya, kitu kilitolewa katika kikapu, watu wakacheza, wakaimba mezali, na mwenye kufundishwa akajua maana. Kinyago kilekile kiliweza kuwekwa usoni, ao kwenye mukono, ao kufungwa kwenye lupango, ao kukokotwa chini kwa ndevu zake. Na maana ikabadilika kufuatana na mezali iliyoimbwa. Sanamu yenye vichwa vingi inaitwa Sakimatwematwe: inafundisha kwamba mutu wa hekima anaangalia pande zote, hakati shauri kwa jicho moja. Hata domo la ndege, kaka la konokono, ukucha wa nyama, vilipata kazi ileile. Biebuyck aliona hata balbu ya taa ya umeme ikiingia kati ya vitu vya mafundisho. Mimi nilicheka niliposoma pale, kisha nikanyamaza. Kama balbu inaweza kuwa kitu kizito, basi nguvu haikutoka katika muti wala katika pembe. Ilitoka katika maneno, na katika watu waliokubali kushikwa na maneno yale.

Na mwenye kitu akikufa? Vitu vyake viliwekwa juu ya kaburi, ndugu akavichunga kwa muda, halafu vikaenda kwa mutu wa jamaa aliyestahili kupanda ngazi ile. Angalia vizuri: mutoto hakuriti kitu tu, aliriti deni la kuishi kama mwenye kitu.

II. Watu watatu waliokosa

Kitabu hiki kinahukumu watu watatu, ijapo mutungaji hapazi sauti.

Wa kwanza ni serikali ya wakoloni. Ilikataza bwami mwaka 1933, na tena mwaka 1948. Iliona chama cha siri, ikaogopa uasi. Haikuuliza ni mezali gani zinaimbwa mule. Sanamu zile hazikuwa miungu, na vinyago vile havikuwa mizimu. Mengi yaliyofundishwa yalikuwa kiasi, heshima, na kuacha ugomvi. Neno busoga kwa Kilega linasema mamoja uzuri na wema.

Wa pili ni mununuzi. Bwami ilipokatazwa, vitu vingi vilitoka katika vikapu, vikaenda Ulaya na Marekani. Leo viko katika vioo vya nyumba za makumbusho, vimeangaziwa vizuri, na pembeni yake karatasi ndogo: pembe ya tembo, Walega, Kongo. Wazee walivipaka mafuta kama vile mutu anapaka mwili wake. Sasa hakuna mutu anayeruhusiwa kuvigusa. Vimechungwa kweli. Lakini ni vibubu.

Wa tatu ni sisi watu wa Eklezya. Tuseme wazi. Pahali pengi tulihubiri moto, na wakati uleule vitu vya namna hii vilikuwa vinasafirishwa Roma kwa maonyesho makubwa ya misioni, ambayo Papa Pio XI alifungua Vatikano kwa mwaka mutakatifu wa 1925. Tuliambia mukristu: choma, na kwa wenyewe tulisema: lete tuone. Lakini mafundisho ya Eklezya yenyewe yalikuwa na busara zaidi. Mwaka 601, Papa Gregori Mukubwa alimuandikia Mellitus, aliyekuwa njiani kwenda Uingereza: sanamu za miungu ziharibiwe, lakini nyumba zenyewe zisibomolewe, zinyunyiziwe maji ya baraka. Mwaka 1659, Roma iliagiza wamisionere wasilazimishe watu kugeuza desturi zao, isipokuwa zile zenye kupinga wazi dini na mwenendo mwema. Maagizo haya yote mawili yanadai kwanza kazi moja: kutambua. Na mutu hawezi kutambua bila kuuliza.

III. Pahali kitabu kinapotuacha

Sasa niseme neno langu juu ya mutungaji. Ninamushukuru sana, lakini simufuati katika kila jambo.

Biebuyck anapenda bwami. Mapendo yake yalimufungulia mulango ambao wakubwa wa serikali hawakuuona. Lakini mara nyingine anatuonyesha bwami kama shule ya hekima tu, na bei ya shule ile inabaki nyuma. Kupanda ngazi kulidai mali nyingi: feza za konokono, nyama, chumvi, na musaada wa jamaa nzima. Mutu asiye na ndugu wa kumusaidia alibaki chini, hata akiwa na moyo mwema. Mutungaji anaandika mambo haya, maana ni mukweli, lakini hayahukumu. Mupadri hawezi kuyapita. Hekima yenye kulipiwa hivi haifanani na ile ambayo Kristu alitangazia maskini bure.

Tena, kitabu ni cha Kiingereza. Msomi wa mbali atapata maana ya mezali. Wajukuu wa wale walioimba watapata shida hata kukisoma. Na hata angekitafsiri mutu, wimbo wenye kuandikwa haumushiki mutu kama wimbo wenye kuimbwa mbele ya wakubwa wake. Biebuyck aliokoa maneno, na hii ni kazi kubwa. Kushikwa na maneno, hakuna kitabu kinachoweza kukuokoa pahali pako.

IV. Jibu kwa muzee

Juma lililofuata nilimuita muzee pamoja na watoto wake wawili. Nikamwambia: « Baba, sitaki kwanza kuona vitu. Tuambie maneno yake. »

Akatoa kengele. Ililia siku ya kuita ukoo kwa shauri la mashamba, na baada ya kulia hakuna aliyeruhusiwa kushika panga. Akatoa kikombe. Ndugu wawili waliogombana walinywea mule, mumoja kisha mwingine, mbele ya wote. Kijana mukubwa, yule aliyetaka kuuzisha, aliinama. Wote tulijua kwamba hasemezani na mudogo wake tangu miaka miwili. Ilipofika zamu ya jino, muzee alikawia. Mwishoni akasema: « Hili lilikuwa la kuapiza watu. »

Basi hatukuhitaji mutaalamu. Kengele na kikombe vimebaki katika nyumba, na muzee ameanza kuwaeleza wajukuu. Jino alilizika mwenyewe, tukasali pamoja. Kikombe kilichopasuka hakichungi maji tena, lakini wale ndugu wawili wamekwisha kukaa meza moja.

Ninyi waseminari, mutakaporudi kwenu wakati wa likizo, mutaona mifuko ya namna hii. Musikimbilie kiberiti, na musikimbilie aparei ya kupiga picha. Mukae chini, muombe maneno. Wazee wanaoyajua wanapungua kila mwaka, na siku wa mwisho akizikwa, jino na kikombe vitakuwa sawasawa: vitu viwili vya zamani ndani ya mufuko, na hakuna mutu wa kuvitenganisha.