Korg DW-8000 na Sauti Zisizo na Jina

Wanaoisifu Korg DW-8000 huanza na kichujio chake cha analogi, na kweli kinastahili: mawimbi 16 ya dijitali, mengine makali kama bati, hupita humo yakatoka yamelainika. Ndiyo maana sinthesaiza hii ya Kijapani ya mwaka 1985 huitwa chotara. Lakini sifa hizo huishia mapema mno, kabla ya kufika kwenye kumbukumbu yake.

Kuunda sauti humu kunachosha. Unachagua namba ya kipengele, unasogeza kitelezi kimoja, unarudi kuchagua namba nyingine. Wapo wanaosema utaratibu huu unaua ubunifu. Mimi naona unakulazimisha usikilize kwanza, ndipo uguse.

Ukiridhika, unaihifadhi katika mojawapo ya nafasi 64, zilizopewa namba 11 hadi 88, bila 9 wala 0. Jina hakuna. Sauti mpya hufuta iliyokuwapo, na zote hutegemea betri ndogo iliyo ndani; ikifa, zimekwenda. Kinga ni kaseti, ya kawaida kabisa: mashine hugeuza namba zake kuwa mlio wa kukwaruza, nawe unaurekodi.

Sisi wakosoaji tunatunza nyimbo tukidhani tumetunza na sauti. Wimbo unatuachia sauti iliyokwisha kupigwa, kwa noti zile zile. Kaseti ya makelele, ambayo nani angeitunza, humwezesha mtu mwingine kuipiga sauti hiyo upya, kwa noti zake mwenyewe.